Jumamosi ya Matarumbeta

Jumamosi za kiangazi mjini Songea, mahindi yakishauzwa na fedha zikiwa bado mfukoni, harusi hufuatana kama mabasi ya alfajiri. Harusi ikitoka kanisani, kabla ya kwenda ukumbini, sharti ipitie bustani ya mji kupiga picha. Hutangulia pikapu yenye vijana wa matarumbeta waliosimama nyuma, likafuata gari la maharusi lenye maua kwenye boneti, kisha msururu wa ndugu na marafiki, taa zinawaka na honi hazipumziki. Msururu ukifika hakuna anayetafuta pa kupaki. Wa kwanza hupandisha tairi mbili juu ya njia ya waenda kwa miguu, wa pili humwiga, wa tatu husimama katikati ya barabara kwa imani kwamba harusi ni leseni tosha. Kwa dakika arobaini bustani nzima inakuwa ya mtu mmoja aliyevaa shela. Mama aliyekaa na mwanawe kwenye benchi anahama, wanafunzi waliokuja kujisomea wanafunga madaftari. Msururu ukiondoka, vumbi halijatua vizuri, mwingine unaingia.

Sina ugomvi na harusi. Pikapu hizo nimezipanda, na honi hizo nimezipiga. Nimeanza na harusi kwa sababu ndani yake malalamiko mawili ambayo ofisini huandikiwa majalada tofauti, yaani kelele na maegesho, huja kwenye gari moja. Anayezuia njia ndiye huyo huyo anayepiga honi. Ila anayeweza kumwandikia kosa la kuzuia njia siye anayeweza kumwandikia la kelele, na wote wawili saa hiyo hawapo.

Si kwamba sheria zimepungua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekataza kelele zinazovuka viwango, na Kanuni za 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo zimeviweka viwango hivyo kwa namba: maeneo ya makazi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na palipochanganyika makazi na biashara 55 mchana na 45 usiku. Mchana wa kanuni huanza saa 12 asubuhi na kuishia saa 4 usiku. Kwa hiyo ule usemi wa mtaani kwamba kabla ya usiku wa manane mtu ana ruhusa ya kufungulia muziki atakavyo hauna msingi wowote. Kwa jirani zetu wa Uganda, kanuni za 2003 zililiweka eneo la mapumziko kwenye kundi moja na hospitali na maktaba. Mtunga kanuni yule aliiona bustani kama wodi ya watu wazima waliochoka, na nadhani hakukosea sana.

Tatizo la kwanza limo ndani ya namba zenyewe. Watu wawili wakiongea kawaida, wamekaribiana kwenye benchi, hufika desibeli 60 hivi. Spika inayotoa desibeli 100 ukiwa mita 1 mbele yake, kiwango ambacho sabufa za kukodi hukifikia bila kutoka jasho, hupungua desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu mahali pa wazi. Mita 2 ni 94. Mita 4 ni 88. Mita 32 bado ni 70. Ili ishuke hadi 50 inabidi usogee zaidi ya mita 300, na ukiwa mpole ukapahesabu kuwa pa mchanganyiko, karibu mita 180. Katikati ya Songea, mita 300 kutoka popote zinabeba ofisi, nyumba za wageni, vyumba vya wapangaji na nyumba ya ibada angalau moja. Maana yake ni kwamba muziki wa spika katika bustani ya mji, ukipimwa kwa mizani ya kanuni, ni kosa karibu kila mara unapowashwa.

Kuna atakayesema basi ni vizuri, waache wote. Lakini kanuni inayovunjwa na kila mtu kila wiki haimzuii yeyote. Inampa tu afisa uhuru wa kuchagua nani aguswe na nani aachwe, na uhuru huo katika miji yetu una jina linalojulikana, nalo ni chai. Halafu kosa la desibeli linahitaji kipimo, mtu aliyefunzwa kukitumia, na maandishi yatakayosimama mahakamani. Namba iliyosomwa kwenye simu ya mkononi haitoshi. Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina vipimo na lina makali: Mei 2023 lilifungia baa na kumbi nyingi, na kwa wiki kadhaa nchi nzima ikajua desibeli ni nini. Ila baa ina mlango, ina leseni, ina mwenyewe wa kuandikiwa barua. Bustani haina mlango wa kutia kufuli, na mpiga kelele wa saa 10 jioni saa 11 yupo ukumbini akicheza.

Manispaa ina afisa mazingira wake, sheria ile ya 2004 inaitaka iwe naye. Siku ya kazi ya serikali huanza saa 1:30 asubuhi na kuisha saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Ukitaka kujua kwa nini bustani zetu zina utulivu wa kupigiwa mfano saa 4 asubuhi ya Jumanne, jibu ni hilo.

Maegesho nayo yana mkanganyiko wake, na wenyewe unaonekana kwa macho, kwani umepigiwa mstari wa zege. Nyasi na benchi ni za manispaa. Ukishuka ukingo, barabara ya mtaa ipo chini ya TARURA, wakala ulioanzishwa 2017 na kukabidhiwa barabara za mijini na vijijini. Ikiwa ni barabara kuu, kama ile inayotoka Njombe na kuelekea Tunduru, hiyo ni ya wakala mwingine, TANROADS. Gari likizuia wengine, mwenye mamlaka ni askari wa usalama barabarani, kwa Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973. Sasa lichukue lile gari la harusi: tairi mbili juu ya ukingo, tairi mbili chini. Upande wa kushoto ni wa ofisi moja, wa kulia ni wa nyingine, na katikati ya ekseli ndipo kosa lilipo. Nimewahi kukaa nikamwona mkusanya ushuru akipita na mashine yake ya kukatia risiti. Magari yaliyopaki vizuri kwenye mistari aliyakatia, yale yaliyopanda majani akayaruka. Kwa hesabu ya kazi yake alikuwa sahihi kabisa. Waliotii walilipa, waliovunja wakaondoka bure.

Songea pia si mji wa magari madogo tu. Tangu makaa ya mawe ya Mbinga yaanze kwenda kwa wingi bandari ya Mtwara, malori yake hupita mjini hapa mchana na usiku, na lori la tani thelathini likisimama dereva anywe chai, barabara nzima husogea upande. Msukumo huo hufika hadi bustanini: mwenye gari dogo aliyekosa nafasi kando ya barabara hutafuta popote penye uwazi, na uwazi katikati ya mji umebaki kwenye majani. Kuwaambia watu wasipaki hapa bila kuwaonyesha pa kupaki ni kuwahamishia mtaa wa pili, ambako hakuna bustani wala wa kulalamika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo madiwani hawapendi kulizungumza kwa sauti. Halmashauri za nchi hii hupimwa kwa mapato ya ndani. TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, hutangaza orodha ya waliokusanya vizuri na waliozembea, na mkurugenzi aliye mkiani hulala vibaya. Hakuna orodha ya halmashauri zenye bustani tulivu. Kwa hiyo akija mtu wa kampuni ya simu anataka kuweka jukwaa bustanini siku mbili, auze laini na vifurushi kwa spika nne na mshereheshaji asiyemeza mate, yule ofisa aliyepaswa kuwa mlinzi wa utulivu ndiye huyo huyo anayepokea malipo ya eneo. Sisemi ni rushwa. Risiti inatoka na namba ya malipo ya serikali ipo. Nasema mwenye duka hawezi kuwa pia mlalamikaji dhidi ya mteja wake. Na wananchi wanaona. Ukimfukuza kijana mwenye kispika cha mkononi Jumapili, baada ya wao kusikia jukwaa zima Ijumaa na Jumamosi, atakuuliza swali moja tu, nawe huna jibu lake.

Swali hilo lina ndugu yake kwenye maegesho: namba za gari. Bodaboda akiegesha vibaya anapigiwa filimbi akiwa hajazima injini. Mama muuza karanga akiweka beseni lake ukingoni, mgambo hulibeba beseni. Lakini likija gari la serikali lenye namba za STL, au Land Cruiser lolote lenye vioo vyeusi, filimbi hupata kigugumizi. Mimi huamini kwamba sheria ndogo ya maegesho huzaliwa siku inayochapishwa kwenye Gazeti la Serikali, ila huanza kupumua siku tairi la gari la mkubwa linapofungwa cheni mchana kweupe na watu wakashuhudia. Kabla ya hapo ni karatasi inayowahusu maskini.

Kuna kelele nyingine ambazo kila mtu anazijua na hakuna atakayezigusa. Mikutano ya injili na mawaidha hupewa nafasi pana, na diwani mwenye akili hawezi kwenda kupima desibeli za watu wanaoswali ilhali uchaguzi unarudi kila miaka mitano. Mikutano ya siasa ilifunguliwa tena Januari 2023 baada ya zuio la tangu 2016, nayo ina utaratibu wake wa kutoa taarifa polisi saa 48 kabla. Na Simba ikikutana na Yanga, basi. Siku hiyo kanuni huchukua likizo ya malipo, bodaboda huzunguka mji mzima na mlio, na hata afisa mazingira yumo.

Nairobi wana somo la bustani na maegesho ambalo kila halmashauri ya Afrika Mashariki ingefaa kulijua. Bustani ya Jeevanjee, aliyoitoa mfanyabiashara Alibhai Mulla Jeevanjee kwa wakazi wa mji huo 1906, ilipangiwa 1991 kugeuzwa mahali pa majengo na maegesho ya ghorofa. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani na bustani ikapona. Lakini nenda pale saa za chakula cha mchana. Wahubiri wamegawana pembe, kila mmoja na duara lake la wasikilizaji, sauti zikipishana juu ya vichwa vya makarani waliokuja kulala kidogo juu ya majani. Bustani iliokolewa kutoka kwa magari, ikachukuliwa na vipaza sauti. Si kushindwa, kwa maoni yangu. Inaonyesha tu kuwa kuiokoa ardhi ni kazi ya mara moja, na kuigawa sauti ni kazi ya kila siku, ambayo haiwezi kufanywa kwa maandamano wala kwa kesi.

Forodhani ya Unguja ni hadithi tofauti. Ilipofanyiwa ukarabati na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni na kufunguliwa tena 2009, wauza vyakula walipangiwa sehemu yao. Kila jioni wachoma mishikaki na wakamua miwa ni wale wale, kesho wapo, kesho kutwa wapo. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asogeze jiko lake hatua mbili, atasogeza. Hata kama hakupendi, anajua mtaonana kesho.

Kumbe hapo ndipo tunapokosea Songea, na si Songea pekee. Kanuni zetu zote humwandama mpita njia: bwana harusi, mgeni wa mkutano, dereva aliyetoka Namtumbo mara moja kwa mwezi. Mpita njia hana cha kupoteza. Faini ya siku ya harusi inaingia kwenye bajeti ya harusi, pale pale penye keki na ukumbi. Lakini ukitazama vizuri ile Jumamosi, waliomo bustanini kweli ni wachache na wanajirudia. Kikundi cha matarumbeta ni kile kile. Mpiga picha ni yule yule, anajua mti gani una kivuli kizuri saa 11. Wenye sabufa za kukodi hawazidi vidole. Magari ya kukodi ya maharusi yana madereva wanaofahamika, na kijiwe cha bodaboda pembeni kina mwenyekiti na katibu.

Kikundi cha matarumbeta kikiwa kimejiandikisha kwa afisa utamaduni, na kibali chake cha kuingia bustanini kikasema kinapiga kuanzia ukingoni mwa bustani hadi kwenye mti wa picha na si zaidi ya dakika kumi, kikivunja kinakosa Jumamosi mbili. Jumamosi mbili za msimu ni fedha nyingi, na hakuna anayehitaji desibeli wala Mahakama ya Mwanzo. Mpiga picha vivyo hivyo: yeye ndiye anayewaambia maharusi wafike saa ngapi, basi yeye ndiye apewe saa, ili harusi mbili zisigongane. Kijiwe cha bodaboda kipewe upande wa maegesho kiusimamie, kama ambavyo tayari kinajisimamia kwenye zamu za abiria. Kampuni inayokodi eneo iweke dhamana ya fedha, irudishiwe ikizima spika kwa wakati.

Mengine ni ya fundi. Mawe makubwa yakipangwa kando ya majani kwa nafasi ya mita moja na nusu, mtoto na kiti cha magurudumu hupita, Noah haipiti. Jiwe halihongeki. Soketi ya umeme ya bustani ikiwa ndani ya kisanduku chenye kufuli, na ufunguo ukawa kwa mlinzi, mwenye sabufa anaanza kwa kuomba. Akija na jenereta yake, kibali chake kiseme jenereta hairuhusiwi. Na hayo hayahitaji kipimo cha kelele chenye cheti.

Songea ina mahali pengine pa wazi ambapo haya yote hayahitajiki. Pale Mahenge, kwenye Makumbusho ya Majimaji, walipozikwa mashujaa wa Vita vya Majimaji walionyongwa na Wajerumani 27 Februari 1906, sijawahi kuona mtu akifungulia sabufa siku ya kawaida. Watu hushusha sauti wenyewe wanapokaribia kaburi. Ikifika 27 Februari hupigwa ngoma, viongozi huja, magari hujaa, na kesho yake pametulia. Kuna wanaosema ni woga wa wafu. Mimi nadhani ni kwa kuwa kila mkazi wa mji huu anajua pale ni pa nani. Ukimuuliza mtu bustani ya mji ni ya nani, atakujibu ya serikali, na anavyotamka neno hilo unasikia kwamba kwake lina maana ya si ya mtu.

Jumamosi moja nilikaa saa nzima na mlinzi wa bustani, mzee aliyevaa koti zito la Julai na filimbi shingoni. Noah ikapanda majani. Mzee akainuka taratibu.

“Mwanangu, hapo pa kukaa watu.”

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba.”

“Dakika moja tu, babu, bibi harusi ashuke.”

Ikaishia hapo. Kijana alikuwa na adabu zote, na adabu hiyo ndiyo iliyompokonya mzee amri yake; ikishaamkiwa, ilibaki kuwa ombi. Nikamwuliza mbona hakupuliza filimbi. Akacheka, akasema bwana harusi hasikii siku hiyo hata akipigiwa bunduki, anakuja mara moja maishani. Kisha akaenda kwenye pikapu, akamwita kiongozi wa matarumbeta pembeni. Sikusikia walichosemezana. Nilimwona kiongozi akiitikia kwa kichwa, akarudi, akawaashiria wenzake washushe vyombo, kisha akatembea hadi kwenye Noah na kugonga kioo cha dereva. Ikarudi nyuma ikashuka barabarani. Mzee akakaa.

“Huyu,” akasema akimwonyesha mpiga tarumbeta kwa kidevu, “Jumamosi ijayo yupo.”